Fimbo ya mbali haiui nyoka: kompyuta ndogo za Olkaria zinazolinda stima ya Pwani

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, kama saa nne kasorobo, stima ilipotea. Hapa mtaani kwetu Mombasa tulidhani ni mambo yale yale, transfoma imelipuka na mafundi watakuja kesho. Tukatoka barazani na tochi za simu. Haukupita muda, jamaa wa Nairobi, Nakuru na Kisumu wakaanza kutuma jumbe: nao pia wako gizani. Karibu nchi nzima ilikuwa imezimika. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta abiria walikaa gizani, maana jenereta ya akiba nayo iligoma.

Asubuhi yake, kwenye kahawa, mzee mmoja anayejua kuwa nilisomea diploma ya umeme aliniuliza, "Mwanangu, hii stima yetu yatoka wapi, hata ikikatika huko sisi huku tulale giza?" Nikamwambia sehemu kubwa yatoka Olkaria, karibu na Naivasha, kaunti ya Nakuru. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali la pili: "Na huko, ni nani anayeilinda?"

Swali la kwanza wengi hulijua jibu lake. Zamani Pwani ilitegemea sana mitambo ya mafuta ya Kipevu. Laini kubwa ya Nairobi hadi Rabai ilipokamilika mwaka 2017, stima ya mvuke wa ardhini kutoka Bonde la Ufa ilipata njia pana ya kushuka hadi kwetu. Swali la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mvuke hausubiri mtu

Olkaria iko kusini mwa Ziwa Naivasha, ndani na kando ya mbuga ya Hell's Gate. Visima huchimbwa kwenye mwamba, vingine hadi kina cha kilomita 3. Kinachopanda ni mvuke uliochanganyika na maji ya moto. Maji hutengwa, na mvuke hupelekwa kwa mabomba hadi kwenye tabaini, yaani gurudumu lenye mapanga mengi ambalo huzungusha jenereta. Mtambo wa kwanza wa hapo, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Leo mvuke wa ardhini hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa Kenya.

Tabaini hiyo huzunguka mara 3,000 kwa dakika, sawa na mara 50 kwa sekunde, ikienda pamoja na mtandao mzima wa taifa. Sasa fikiria laini ya kwenda mjini imekatika ghafla. Mvuke bado unasukuma, lakini mzigo haupo tena. Ni kama hamali anayesukuma mkokoteni uliojaa magunia kupanda mwinuko, halafu magunia yote yaanguke kwa mkupuo mmoja: atakwenda mbio mbele bila kutaka. Tabaini nayo huongeza kasi ndani ya muda mfupi mno. Kwa kawaida ikizidi kama sehemu moja ya kumi, yaani ikafika mizunguko 3,300 hivi, lazima valvu ya mvuke ifungwe papo hapo. Isipofungwa mapanga yanaweza kupasuka, na chuma kinachoruka kwa kasi hiyo hakichagui cha kugonga.

Anayeifunga valvu hiyo si mtu, kwa kuwa hakuna mkono wenye wepesi huo. Wala si kompyuta iliyoko Nairobi au Ulaya. Kazi hiyo ni ya kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya kabati la chuma, hatua chache tu kutoka kwenye mtambo wenyewe. Hupima kasi tena na tena kila sekunde, na kina ruhusa ya kuamua bila kumuuliza yeyote.

Kwa nini wingu halitoshi

Siku hizi kila kitu tunaambiwa kiko kwenye wingu. Picha unayoituma huhifadhiwa kwenye kompyuta kubwa za mbali, na mara nyingi hufika huko kwa kupitia nyaya za chini ya bahari zinazotia nanga hapa hapa Mombasa: TEAMS na SEACOM tangu 2009, na EASSy tangu 2010. Ujumbe ukienda Ulaya na kurudi hutumia sehemu moja ya kumi ya sekunde, au zaidi. Kwa picha ya harusi hilo si neno.

Kwa umeme ni balaa. Wimbi moja la stima yetu huchukua milisekunde 20, kwa hiyo safari hiyo ya kwenda na kurudi ni mawimbi 5 au zaidi. Kifaa cha kulinda laini au jenereta hutakiwa kugundua hitilafu na kutoa amri ndani ya mawimbi machache tu. Jibu kutoka mbali lingefika mtambo ukiwa umeshaungua.

Tena nyaya zenyewe hukatika. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu siku moja, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya na Tanzania. Sisi tulilalamika kuwa video hazifunguki. Je, kama valvu za mvuke zingekuwa zinangoja amri kupitia nyaya hizo?

Wazee wetu walishalimaliza jambo hili: fimbo ya mbali haiui nyoka. Wataalamu wa leo wameipa hekima hiyo jina la kompyuta za ukingoni, maana yake hesabu hufanywa ukingoni mwa mtandao, pale pale tukio linapotokea. Jahazini ni hivyo hivyo. Dhoruba ikipiga, nahodha hashuki pwani kumuuliza tajiri kama ateremshe tanga. Huliteremsha kwanza, na hesabu za safari tajiri atazipata wakifika bandarini.

Hivyo kazi hugawanywa. Uamuzi wa kuokoa mtambo hubaki kwenye kidhibiti kilicho karibu nao. Pembeni yake huwekwa kompyuta ndogo ya kukusanya na kuchuja. Chukua mfano wa mtikisiko wa tabaini: kihisi chake kinaweza kupima maelfu ya mara kwa sekunde. Kutuma namba zote hizo mbali ni kupoteza pesa. Kompyuta hiyo huzisoma, ikapeleka ujumbe mfupi tu kwamba mtikisiko umepanda. Mawasiliano yakikatika huziweka kumbukumbu na kuzituma baadaye. Kule mbali ndiko hufanywa mambo yasiyo na haraka, kama vile kulinganisha miezi na kupanga matengenezo.

Utaratibu huu unafaa zaidi pale mitambo ilipotawanyika. Mfano ni Eburru, katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, ambako tangu 2012 kuna mtambo mdogo wa kama megawati 2.5 uliojengwa penye kisima. Mtambo wa namna hiyo hauwezi kuwekewa jeshi la wahandisi usiku kucha. Ni lazima uweze kujilinda.

Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa cha data Olkaria kitakachotumia stima ya mvuke. Hata wingu likihamia jirani na kisima namna hiyo, kidhibiti cha valvu kitabaki kabatini kwake. Kila waya, swichi na seva unayoongeza katikati ni mahali pengine pa kuharibika.

Si kompyuta ya dukani

Usidhani ni tarakilishi kama ile ya saibakafe. Mvuke wa Olkaria hutoka na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hiyo hula shaba na fedha, na ndani ya kompyuta njia nyingi za umeme ni za shaba. Kompyuta ya kawaida ina feni inayovuta hewa ya nje. Pale ingekuwa inajivutia sumu yake. Kwa hiyo za viwandani hufungwa zisipitishe hewa, hazina feni, joto hutolewa na mapezi ya chuma mgongoni, na vibao vya ndani hupakwa utando wa kinga.

Skrini nazo ni hivyo hivyo. Lazima isomeke juani, iguswe na mtu aliyevaa glavu, na isiingize vumbi wala maji. Mahitaji hayo utayakuta pia kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, ambako kompyuta hupima maji na mbolea zinazokwenda kwenye mimea. Sisi Pwani tuna chumvi ya bahari, ambayo hula chuma bila huruma. Kreni za bandarini na viwanda vya saruji wanaijua vizuri habari hiyo.

Skrini inaposema uongo

Mashine ikishaamua, mtu lazima ajue imeamua nini, na hiyo ndiyo kazi ya skrini. Skrini mbaya yaweza kuwa hatari kuliko kutokuwa na skrini.

Alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, valvu moja ilikwama ikiwa wazi. Taa kwenye paneli ilizimika, na wafanyakazi wakaelewa kuwa valvu imefunga. Kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa, haikuonyesha kama valvu imetii. Wakati huo huo kengele zaidi ya 100 zilikuwa zinalia pamoja, hata isijulikane ya kusikilizwa ni ipi. Sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka.

Tarehe 14 Agosti 2003, katika kampuni moja ya umeme huko Ohio, programu ya kengele iliganda kimya kimya. Waliokuwa zamu waliendelea kutazama skrini zilizotulia kwa zaidi ya saa nzima, huku laini zikigusa miti na kukatika moja baada ya nyingine. Watu milioni 50 hivi wa Marekani na Kanada walikosa umeme.

Ndiyo maana skrini nzuri ya kiwandani haina marembo. Rangi zake zimepoa, na nyekundu imewekwa akiba kwa hatari ya kweli. Huonyesha hali halisi ya valvu kando ya amri iliyotolewa. Huonyesha pia namba ilisomwa saa ngapi, ili namba iliyoganda isipite kama mpya. Na kengele zake ni chache, kila moja ikimwambia mtu cha kufanya.

Mtu huyo anahitajika kweli, maana kompyuta ya karibu ina upungufu wake: huona mtambo wake tu. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, mto Tana. Kinga ikaizima, mitambo mingine ikazidiwa na mzigo, kituo kikapoteza megawati zaidi ya 180, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alipona. Kila mtambo ukijiokoa peke yake, huenda yote ikasalimika na wananchi wakalala giza. Kwa hiyo lazima pawe na macho yanayoona mtandao mzima, katika kituo cha kitaifa cha kuongoza umeme, na akili ya binadamu ya kuamua ni wapi papunguziwe mzigo ili pengine pasizimike.

Ujuzi nao uwe karibu

Nimalizie na langu. Miaka ya nyuma nilifanya kazi katika kiwanda kimoja cha huku Pwani ambacho sitakitaja. Siku moja skrini ya mtambo mkuu ilizima. Kidhibiti kilikuwa kizima, mtambo ulikuwa mzima, na skrini ya akiba tulikuwa nayo stoo. Tulichokosa ni neno la siri la programu. Aliyelijua alikuwa fundi wa ng'ambo aliyeuza mitambo ile. Tulimngoja siku 9. Vibarua walirudishwa nyumbani bila malipo, na wengine walikuwa na watoto wanaodaiwa karo wiki hiyo hiyo. Fundi alipofika, kazi ilimchukua dakika 40.

Siku hiyo nilijifunza kuwa unaweza kuileta kompyuta karibu na mtambo, ukauacha ujuzi wake ng'ambo. Hapo fimbo bado iko mbali. Kijana wa Kisauni au Kwale anayesomea umeme leo asiishie kwenye kufunga nyaya za nyumba. Ajifunze vidhibiti hivi, namna ya kuvipanga na kuvitengenezea skrini. Na wanaonunua mitambo, ya umma au ya binafsi, waandike kwenye mkataba kabla ya kulipa: programu yote na maneno yake ya siri yakabidhiwe, na vijana wa hapa wafundishwe hadi waweze peke yao.

Yule mzee wa kahawa nilimjibu hivi: mlinzi wa kwanza wa stima yako ni kijikompyuta kilichomo kabatini kando ya mtambo, na wa pili ni mtu aliyekesha mbele ya skrini. Akaniuliza kama huyo mtu ni mtoto wetu. Nikamwambia, tukitaka, atakuwa.