Midomo na Sauti Zinapoachana

Dakika ya kwanza ya wimbo ilikuwa sawa. Kufikia ya tatu, mwimbaji alikuwa amefunga mdomo na sauti yake bado inaimba. Kufikia ya tano, kwaya nzima ilionekana kama inaimba wimbo mwingine. Kijana aliyekuwa akiihariri video hiyo, katika chumba cha ghorofa ya kwanza hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi, alikesha akiivuta sauti mbele na nyuma. "Mkubwa, hii laptopu imenichosha," akaniambia. "Kwaya wakilipa, nanunua nyingine."

Nilimsihi asinunue. Laptopu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika namna video yenyewe ilivyozaliwa, na linawasumbua wahariri wengi wa Eastlands wanaoishi kwa kazi za harusi, ruracio (sherehe za mahari), mazishi na nyimbo za injili, kamera yao simu na studio yao chumba kimoja.

Anayeijua Pipeline anajua giza lake. Ploti za ghorofa saba, nane, zimesimama bega kwa bega, na vyumba vya chini huwashwa taa saa sita mchana. Simu ikikosa mwanga hupunguza idadi ya fremu kwa sekunde, ili kila fremu ipate muda zaidi wa kuukusanya mwanga huo. Unadhani inarekodi fremu 30, kumbe ndani ya korido imeshuka hadi 24, na ukitoka kwenye roshani inapanda tena. Sauti haina habari na hayo; mwendo wake ni uleule. Baadhi ya programu za kuhariri zikipokea faili ya namna hiyo huzichukulia fremu zote kuwa zimepangwa kwa nafasi sawa, na hapo ndipo midomo na sauti huachana. Dawa yake ni kuipa video mwendo mmoja kabla ya kuiingiza kwenye programu. HandBrake hufanya hivyo bila malipo. FFmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, hufanya hivyo kwa amri ya mstari mmoja.

Mwendo upi basi? Kwetu ni 25. Umeme wa Kenya una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde bila jicho kutambua. Ukiweka fremu 25 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/50, kila fremu hupata mapigo mawili kamili ya taa, na picha hutulia. Ukiweka 30 na 1/60, huenda ukaona mistari ya giza ikitambaa ukutani, na mistari hiyo ikishaingia kwenye picha ni kazi kubwa kuitoa.

Turudi kwa laptopu iliyolaumiwa, ambayo pia ilikuwa ikikwama. Picha moja ya nukta 1920 kwa 1080, bila kubanwa, huwa na karibu megabaiti 6.2. Sekunde moja ya fremu 25 ni megabaiti 155, na dakika moja inapita gigabaiti 9. Hata hivyo simu inayorekodi kwa megabiti 17 kwa sekunde huitia dakika hiyo katika megabaiti 130 tu. Zaidi ya sehemu 98 kwa 100 zimekwenda wapi?

Fikiria keateka wa ploti yenye vyumba mia. Tarehe mosi anaandika daftarini majina ya wapangaji wote. Kuanzia tarehe mbili haandiki tena orodha nzima. Anaandika tu nani kahama na nani kaingia. Daftari linabaki jembamba. Lakini ukimuuliza ghafla tarehe ishirini nani yuko chumba fulani, itabidi arudi tarehe mosi na kufuata mabadiliko yote hadi siku hiyo. H.264, kodeki (yaani mbinu ya kubana video) iliyotolewa mwaka 2003, hufanya vivyo hivyo: fremu moja kamili, kisha nyingi zinazoeleza tofauti tu. H.265 ya mwaka 2013 hubana zaidi, na kuifungua ni kazi nzito zaidi. Kwa mtazamaji anayekwenda mbele tu, mpango huo ni mzuri mno. Mhariri yeye hurukaruka, hukata katikati, hurudi nyuma, na kila mruko unailazimisha prosesa kulisoma daftari upya.

Kwa hiyo usikate faili ya simu moja kwa moja. Tengeneza nakala za kufanyia kazi, zinazoitwa proksi, katika kodeki ambayo kila fremu inajitegemea, kama ProRes Proxy au DNxHR LB. DaVinci Resolve, hata ile ya bure, hukutengenezea. Zinakula nafasi: saa moja ya ProRes Proxy kwa nukta 1920 na fremu 25 hufika karibu gigabaiti 17, ingawa ukipunguza ukubwa wa picha hadi nusu zinapungua sana. Unakata kwa proksi, na wakati wa kutoa kazi programu inazirudia faili asilia. Yule kijana alipofanya hivi, laptopu ileile ya mitumba ilikwenda bila kukwama. Nilifurahi kuliko yeye.

Jambo jingine linalochanganya watu: MP4 na MKV si kodeki, ni makasha. Ndani ya kasha moja unaweza kukuta H.264 au H.265. Ndiyo sababu video iliyocheza vizuri nyumbani hukataa kwenye skrini ya matatu, na kubadilisha jina la faili hakusaidii. Kwa flashi ya kuchezwa popote, toa H.264 yenye sauti ya AAC. Kumbuka pia kwamba flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4. Wazee wa River Road, Nairobi, waliochoma VCD walikuwa na mpaka mkali zaidi, nukta 352 kwa 288 na dakika 74 kwa diski, na bado walijenga tasnia ya filamu.

Usimtumie mteja kazi kama video ya kawaida ya WhatsApp, kwani itabanwa tena. Itume kama hati.

Na stima? MP4 kwa kawaida huandikiwa faharasa yake mwisho kabisa. Stima ikipotea mashine ikiwa katika asilimia 95, unabaki na faili kubwa isiyofunguka. Laptopu yenye betri nzima ina thamani zaidi kuliko kompyuta ya mezani yenye nguvu isiyo na UPS. Toa kazi ndefu vipande vipande, kisha uviunganishe.

Kuhusu kuhifadhi kazi, mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba. Nami niliwahi kufuta kadi ya ruracio nikiamini nimeshanakili, kumbe nakala ilikatika nusu. Wazee waliozungumza siku ile hawatazungumza tena vilevile. Tafadhali, kabla hujaifuta kadi, ifungue ile nakala na uitazame hadi mwisho.