Nishani ya Taji: Heshima Iliyoanzia Kongo

Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Wabelgiji alimvika nishani mzee mwenye umri wa miaka 100. Mzee huyo ni Koplo Albert Kunyuku, aliyekuwa askari wa Force Publique wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1945. Heshima hiyo, basi, ilimfikia baada ya miaka 77. Alifanywa Kamanda katika Nishani ya Taji. Je, maana yake nini?

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili. Medali ya kawaida ni ukumbusho wa tendo fulani. Lakini Nishani ya Taji ni shirika la heshima, lenye mkuu wake, madaraja yake na watu waliohesabiwa ndani yake. Mkuu ni Mfalme mwenyewe. Chini yake kuna madaraja 5: Msalaba Mkuu, Ofisa Mkuu, Kamanda, Ofisa, na mwisho Shevalie. Wa Msalaba Mkuu huvaa utepe mpana begani. Kamanda huning'iniza nishani yake shingoni. Shevalie huibandika kifuani upande wa kushoto.

Mtu huingiaje? Hainunui kwa fedha, wala hairithi kwa baba yake. Waziri hupeleka jina lake, Mfalme hutia sahihi amri, naye huhesabiwa kuwa mmoja wao. Akifa, watoto wake huweza kuitunza nishani kama kumbukumbu, lakini cheo hakiwashukii.

Nasi wakazi wa Mabanga na wa Goma yote tunahusika na habari hii, kwa kuwa nishani hiyo ilianzishwa kwa ajili ya nchi yetu. Leopold II aliiweka tarehe 15 Oktoba 1897, akiwa mtawala wa Dola Huru la Kongo. Kabla yake alikuwa ameweka Nyota ya Afrika mwaka 1888, na Simba wa Kifalme mwaka 1891. Siku zile zile ambapo watumishi wa dola walivikwa nyota na misalaba, wanavijiji walilazimishwa kuchuma mpira. Walioshindwa kutimiza kipimo walipigwa viboko, wake zao wakashikwa rehani, na wengine wakakatwa mikono. Mwaka 1908 Ubelgiji iliitwaa nchi, ikazitwaa na nishani zake. Nyota na Simba hazikutolewa tena baada ya uhuru wa mwaka 1960. Taji hutolewa hata leo. Kongo nayo ilijiwekea Nishani ya Chui mwaka 1966, chini ya Mobutu, kwa madaraja yaliyofanana na hayo.

Tunaona basi ya kuwa utepe haumfanyi mtu kuwa mwema. Nishani ile ile yaweza kufunika dhuluma, na yaweza kukiri deni lililocheleweshwa mno. Siku ile ile alipomheshimu Koplo Kunyuku, Mfalme alitamka pia majuto yake makubwa kwa mateso ya zamani.

Wenzake wengi wa vitani walikuwa wamekwisha kuzikwa. Basi ninyi wanafunzi, msingoje amri ya mfalme. Waulizeni babu na bibi zenu walitumika wapi na kwa jasho gani, mkayaandike majina yao daftarini wangali hai.