Tusiidharau githeri shuleni

Kuna dharau inayozidi kukita mizizi katika shule zetu za bweni, nayo ni dharau ya chakula cha asili. Kila ninapokuwa mwalimu wa zamu huiona kwa macho yangu: githeri inamwagwa pipani, kisha waliomwaga wanapiga foleni kantini kununua mandazi, soda na krispi za pakiti. Ukiwauliza sababu, watakuambia kwamba githeri hujaza tumbo hewa. Wala si uongo. Lakini hewa hiyo hutoka wapi? Hilo ni swali ambalo walimu wenzangu wa biolojia wangelidaka mara moja, maana ndani yake mna somo zima.

Katika utumbo mpana wa kila mmoja wetu wanaishi bakteria wasiohesabika. Maharagwe, mtama, wimbi, kunde, managu na lile ganda la mahindi tunalolikoboa vina nyuzinyuzi ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga. Zinawafikia bakteria hao zikiwa nzima, nao huzichachusha. Hewa inayowachekesha wanafunzi bwenini ni moshi tu wa jiko hilo. Kinachopikwa hasa ni aina za asidi, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ndiyo lishe kuu ya seli za ukuta wa utumbo mpana, na ambayo huituliza kinga ya mwili isichachamae ovyo. Bakteria wakinyimwa nyuzinyuzi, baadhi yao hugeukia ute unaoukinga ukuta huo na kuula. Hayo yamethibitika katika majaribio ya panya. Kinga inapochokozwa hivyo, huzuka uvimbe wa chini kwa chini, usioonekana kwa macho kama jipu, lakini unaohusishwa na maradhi mengi ya utu uzima.

Si nadharia tupu. Mnamo 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowabadilishia vyakula Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanavijiji 20 wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Kwa majuma mawili Wamarekani walikula vyakula vya kijijini, na wanavijiji wakala vya Kimarekani. Nyuzinyuzi za Wamarekani zilipanda kutoka gramu 14 hivi kwa siku hadi 55. Za wanavijiji zikaporomoka kutoka 66 hadi 12. Dalili za uvimbe katika utumbo wa Wamarekani zilipungua, na butireti ikaongezeka. Kwa wanavijiji mambo yalikwenda kinyume kabisa. Majuma mawili tu! Muhula wetu mmoja ni mrefu kuliko hayo mara kadhaa.

Karibu zaidi na kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2025 uliwahusisha wanaume 77 wa eneo la Kilimanjaro, Tanzania. Waliotolewa kwenye ndizi, kunde na mboga za majani na kupewa soseji, mkate mweupe na chipsi walionyesha dalili za uvimbe katika damu, na kinga yao ikadhoofika. Waliorejeshwa kwenye vyakula vya asili walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa yangalipo majuma manne baadaye. Kundi jingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, nalo pia likafaidika. Mimi ni mwalimu, na mbege ni pombe, kwa hiyo sitaipendekeza. Lakini uji uliochachushwa na maziwa lala havina kileo cha kumtia mwalimu mkuu wasiwasi.

Msomaji asinielewe vibaya. Githeri si dawa, na mwenye ugonjwa wa utumbo, hasa ule unaotoa damu, amwone daktari, kwani nyuzinyuzi nyingi huweza kumzidishia maumivu. Isitoshe, nafaka isiyokobolewa yahitaji ghala kavu. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu yaliwaua watu 125 mashariki mwa nchi yetu, na ganda la mahindi ni mojawapo ya sehemu ambako sumu hiyo hujificha. Shule isiyo na ghala zuri ianze na maharagwe na mboga kabla ya kubadilisha unga.

Hata hivyo, nionavyo mimi, lawama ya githeri kumwagwa si ya wanafunzi peke yao. Mara nyingi huja mezani ikiwa ngumu, mahindi hayakulowekwa, haina kitunguu wala jani la mboga. Kuloweka maharagwe usiku kucha na kuyamwaga maji yale hupunguza hewa na hupunguza kuni. Bustani ya somo la kilimo ingeweza kutoa kunde na terere za kutiwa sufuriani badala ya kuishia kwenye daftari la alama. Na bodi ya shule inapoketi na wazazi kupanga karo na orodha ya vyakula, mwalimu wa sayansi kimu na mpishi wapewe viti katika mkutano huo, na suala la kantini liwe la kwanza kujadiliwa.