Ngege na Jina Lake

Yatupasa sisi tunaokusanya maneno ya lugha zetu kukumbuka ya kuwa jina laweza kudumu hali mwenye jina ameondoka. Ndivyo ilivyompata ngege wa Ziwa Viktoria. Jina hili walimpa Wajaluo, naye alikuwa kitoweo kikuu cha watu wa kandokando ya ziwa. Mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alipomweleza kwa kanuni za elimu mwaka 1928, alimwita kwa Kilatini esculenta, yaani afaaye kuliwa. Sasa jina lake kamili ni Oreochromis esculentus.

Ngege ni wa ukoo wa perege. Alama za ukoo huu ni hizi: kila upande wa pua una tundu moja tu, ambapo samaki wengi wana mawili, mstari wa ubavuni umekatika vipande viwili, na pezi la mgongo lina miiba mbele, bali nyuma ni laini. Tena ngege jike huyalea mayai kinywani mwake hata yaanguliwe.

Katika miaka ya 1950 aliletwa ziwani perege wa Nili, aitwaye sato katika masoko ya Tanzania. Kwa kuwa wamefanana, Wajaluo wengi humwita huyu naye ngege. Basi, tuutandaze mkia. Perege wa Nili ana mistari ya kusimama, iliyopangwa sawasawa mkiani mwote, ngege hana. Yuko na wa tatu, mbiru, mwenyeji wa ziwa: dume lake lina ukingo wa rangi ya chungwa juu ya pezi la mgongo.

Nyavu za kigeni, zilizoanza kutumika ziwani mwaka 1905, zilimpunguza ngege sana. Kisha mgeni wa Nili akashindana naye, na sangara, aliyeletwa pia katika miaka ya 1950, akawala samaki wenyeji. Leo ngege ni adimu mno katika ziwa kuu. Amesalia katika maziwa madogo kama Kanyaboli, katika Kenya.

Kwa hiyo mwanafunzi akileta samaki na kusema, "Mwalimu, huyu ni ngege," tusifanye haraka kuandika. Kwanza tutazame mkia. Tukiandika kwa kusikia tu, watakaotusoma watadhani ngege yungali tele, wala hawataona sababu ya kuwahifadhi wachache waliobaki.