Karatasi Sita, Laini Moja

Agosti 9, 2022, saa kumi usiku, firimbi zililia mtaani ka kuna keja inachomeka. Vuvuzela zikajibu. Mathe wa plot yetu alikuwa ashatoka na kiti yake ya plastiki na themosi ya chai, na kituo ya kura inafunguliwa saa kumi na mbili. Mi na mbogi yangu kufika, wasee ka mia mbili wako mbele. Hakuna mtu alinuna. Hiyo laini iligeuka base: njugu, stori, na kuchoma yule MCA ameishi kutupiga chenga.

Sasa cheki Kibra, Novemba 7, 2019. Uchaguzi mdogo wa mbunge, na kiki ilikuwa noma. Hadi Mariga wa boli alikuwa kwa debe. Wasee 118,000 na kitu walikuwa kwa sajili, wenye walipiga hawakufika 42,000. Hiyo ni ka asilimia 35. Agosti ya 2017, nchi nzima ilikuwa imegonga karibu 78.

Wengi hudai Agosti watu hujaa juu ya kura ya prezo. Mi nakataa. Oktoba 26, 2017, baada ya Mahakama ya Juu kufuta matokeo ya prezo ya Agosti, tuliitwa tena, karatasi ya prezo pekee. Raila alikuwa ashajitoa. Wenye walijitokeza hawakufika asilimia 40. Ka mshindi anajulikana, msee anafua nguo zake.

Agosti unapewa karatasi sita za kura. Hata ka Ikulu haikubambi, kuna MCA mlicheza na yeye boli, na kuna mheshimiwa alitoa basi mkienda kuzika. Kila mmoja ana maboyz wa kugonga mlango yako asubuhi. Hao ndio huamsha mtaa, si matangazo ya redio. Alafu kuna wa ocha: mtu analipa fare imepanda mara mbili, anasalimia shosho, anapiga kura, anarudi. Nani atatoka Rongai hadi Siaya juu ya karatasi moja? (Na usijifanye, hata ile picha ya kidole yenye wino inakuvuta.)

Lakini 2022 tulishuka hadi asilimia 65, kumaanisha hata karatasi sita zinaweza boesha.

Kura ingine ya Agosti ni tarehe 10, 2027. Jisajili mapema, na ukikuja beba jaketi. Hiyo baridi ya saa kumi haijui chama.