Kabla ya Kulipia Mashine ya Kukaza Uso

Kina mama wa Songea, hasa waliovuka miaka 45, wananiuliza sana siku hizi kama kweli ipo mashine ya kukaza ngozi ya uso bila kisu. Ipo. Ila wengi wanaoitaka bado wanaiharibu ngozi hiyohiyo kila asubuhi.

Kinachoishikilia ngozi ni nyuzi za kolajeni na elastini zilizo tabaka la ndani. Ukishakuwa mtu mzima, kolajeni hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka, na mwanamke akikoma hedhi huweza kupoteza kama asilimia 30 ndani ya miaka 5 ya mwanzo. Ndipo mashavu yanaposhuka.

Mashine hizo huipasha moto kolajeni kwa makusudi, hadi nyuzijoto 60 na zaidi. Nyuzi husinyaa, kisha mwili huanza kujenga mpya. Ujenzi huo huchukua miezi 3 hadi 6, kwa hiyo anayekuahidi uso mpya jioni ileile anakudanganya. Na hata pakienda vizuri, mabadiliko ni ya kiasi. Ngozi iliyoning'inia sana haikazwi hivyo.

Kwa sisi weusi, uliza kwanza mashine inatumia nini. Leza ni mwanga, na melanini hunyonya mwanga. Ikishikwa na asiyeijua ngozi yetu, unarudi nyumbani na mabaka au kovu la kuungua. Mawimbi ya redio na ya sauti hayajali rangi, hivyo yana nafuu, ingawa nayo yakizidi huunguza.

Linaloniumiza zaidi ni mkorogo, krimu za kujichubua. Geuza tyubu unayopaka usome maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta clobetasol au betamethasone, hiyo ni steroidi, dawa ya kutibu ugonjwa wa ngozi kwa muda mfupi, tena kwa maelekezo ya daktari. Ukiipaka miezi na miezi huzuia kolajeni kutengenezwa, ngozi inakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu na vimishipa vya damu vinajichora mashavuni. Vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lakini bado vinapenya madukani. Kama umetumia krimu yenye steroidi muda mrefu, usiiache ghafla peke yako. Uso huweza kuwaka na kuvimba vibaya.

Halafu kuna jua. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai hutufanya tudhani jua limelala. Miale inayozeesha ngozi hupita hata kwenye kioo. Mwaka 2012 madaktari wa Marekani walichapisha picha ya dereva wa lori aliyefanya kazi hiyo miaka 28: shavu la upande wa dirisha lilikuwa na makunyanzi mazito kuliko la pili. Kwa madereva wetu wa njia ya Njombe, shavu hilo ni la kulia.

Kofia pana, mwavuli na losheni ya kukinga jua ya SPF 30 vianze kabla ya mashine yoyote. Na siku ya kwenda kwa daktari wa ngozi, mama yangu, beba kila unachopaka, hata kile cha kopo lisilo na lebo, akione.