Barua za Kirando: Kiswahili Kilichofungiwa Sandukuni

Msafiri atokaye Sumbawanga kwenda Kirando hupitia Namanyere, kisha huteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa hata akaliona Ziwa Tanganyika. Huko chini watu hushughulika zaidi na dagaa na migebuka. Lakini katika karne ya 19 mwambao huu ulifikiwa pia na wafanya biashara wa pwani, waliokuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Baadhi ya watu wa misafara hiyo hawakurudi makwao. Walioa huku, wakazaa, wakazikwa.

Ndugu msomaji, mmoja wa vitukuu wao ni fundi cherehani wa hapo Kirando, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu. Mama yake ni Mfipa. Kwao kulikuwa na sanduku la mbao lenye karatasi chache zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kuzigusa. Wengine walisema ni maneno ya Kurani, wengine wakanong'ona kuwa ni dawa. Si ajabu, kwani tuko katika mkoa ambao jina la mji wake mkuu hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", na karatasi isiyosomeka haikawii kushukiwa.

Kumbe ni Kiswahili. Fundi huyu, aliyejifunza herufi zile chuoni alipokuwa mtoto, aliligundua jambo hilo siku alipojaribu kusoma mstari mmoja kwa sauti, akasikia neno "merikani", yaani ile nguo ya pamba iliyokuwa kama fedha katika biashara ya bara. Tangu hapo ameazimia kujifundisha Kiswahili cha mababu zake, jioni baada ya kufunga cherehani.

Haikosi kuwashangaza wengi kwamba lugha yetu iliandikwa kwa herufi hizo muda mrefu kabla ya hizi tuzitumiazo gazetini. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate, unajulikana kwa hati ya mwaka 1728. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa herufi hizo hizo, ndipo Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kwa herufi za Kilatini na kuzichapisha mwaka 1902 na 1903. Serikali ya Kijerumani ilieneza herufi za Kilatini katika shule zake, Waingereza wakaendeleza, na aliyekuwa msomi jana akaamka hajui kusoma. Hata katika kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970, mzee aliyeweza kuandika barua kwa herufi za Kiarabu ilimbidi aanze upya na a, e, i, o, u. Kampeni ile ilifundisha mamilioni, na mtu hawezi kuilaumu. Lakini ujuzi wa wazee hao ulistahili kuhesabiwa.

Kujifunza herufi zenyewe, ambazo ni 28, si kazi kubwa. Ugumu ni kwamba hazikuundwa kwa ajili ya Kiswahili. Mwandishi wa zamani, akikosa herufi ya p, aliandika b. Sauti ya e na ya i zilipewa alama moja, vivyo hivyo o na u. Mara nyingi m iliyo mbele ya b, au n iliyo mbele ya d, haikuandikwa kabisa. Basi Kirando yaweza kusomeka "Kiradu", na Ufipa ikawa "Ufiba". Wanazuoni wa Mombasa walikuja kuongeza nukta ili kutofautisha sauti hizo, lakini barua za huku bara hazina nukta hizo.

Siku moja fundi alimsomea babu yake kwamba msafara ulipakia frasila sita za bibi. Frasila moja ni takriban kilo 16.

"Mjukuu wangu," mzee aliuliza, "ni bibi gani huyo apimwaye kwa mizani?"

Lilikuwa neno "pembe". Kwa maandishi yale, pembe na bibi hufanana kabisa, na ni akili ya msomaji tu iwezayo kuzitenga. Ndiyo maana daftari na bidii peke yake havitoshi. Hapana budi awepo mzee ajuaye nani alikuwa nani, na shamba gani lilikuwa la nani. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Hati nyingi za pwani zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini hakuna maktaba iwezayo kumweleza fundi huyu mambo ya ukoo wake.

Tarehe nazo zina hesabu yake. Mwaka 1310 wa Hijria, ulioandikwa chini ya barua moja, ulianza Julai 1892. Fundi huzipiga picha karatasi kwa simu, kisha hunakili kutoka kwenye picha, ili zile kuukuu zisikunjuliwe kila siku. Ni busara inayofaa kuigwa.

Barua moja bado haijaisha. Yamzungumzia babu mkuu wa ukoo baada ya kufa kwake, na ndani yake kuna maneno yasemayo ama "dini yake imethibiti kwetu", ama "deni yake imethibiti kwetu". Herufi ni zile zile. Si mchezo, maana jirani mmoja hudai mpaka leo kwamba kiwanja chenye miembe, nyuma ya nyumba yao, kiliwekwa rehani na marehemu huyo. Mzee ashikilia kuwa ni dini. Fundi, ingawa kiwanja ni urithi wake, aona kuwa mstari unaofuata wataja doti za nguo. Wamekubaliana kuipeleka barua Kipili kwa shangazi yake mzee, ambaye alilelewa na mjane wa marehemu.